Mbwa Wako Bado Mdogo, Mwanangu

Mwanangu, najua mahindi yako yameliwa. Mtu anaamka alfajiri huko Mufindi, Kilolo au Busokelo, anakuta mistari kadhaa imelala chini, mabua yamevunjwa, mahindi mabichi yametafunwa nusu na kutemwa, na udongo umefukuliwa kwa pua. Moyo unachemka. Na kama nyumbani kuna mbwa mchanga mwenye kifua kipana, jibu linakuja lenyewe: leo tunakwenda naye. Ngoja kwanza. Kunywa chai. Nguruwe atarudi tu, kesho au keshokutwa. Mbwa akifa harudi.

Nimefuga mbwa wa kuwinda tangu ujana wangu. Wengi wa wale niliowapoteza, niliwapoteza kwa haraka yangu mwenyewe. Nguruwe alimalizia tu.

Tuanze na huyo nguruwe, maana vijana wengi mnagombana na mnyama msiyemjua. Nguruwe pori wa misitu yetu ya nyanda za juu si ngiri. Ngiri ni wa kule chini, Idodi na Pawaga, kuelekea Ruaha. Anatembea mchana, mkia umesimama, na usiku analala shimoni. Shimo lenyewe anaingia kinyumenyume, uso ukibaki mlangoni, kwa hiyo mbwa anayechungulia anakutana na pembe kabla hajabweka. Huyu wa kwetu anatembea usiku. Mchana amelala kwenye kichaka kizito, penye matete au miiba, mahali ambapo wewe unaingia kwa magoti.

Halafu hatembei peke yake. Kundi lake ni dogo: dume mkubwa, majike, na watoto wenye michirizi mgongoni. Dume huyo hakimbii akaacha watoto nyuma. Anasimama. Anaweza kupita kilo 80, na zote zipo mbele, mabegani na shingoni. Meno yake hayajitokezi kama ya ngiri, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Yale ya chini ni mafupi, lakini yanasuguana na ya juu kila anapofunga kinywa, kwa hiyo yananolewa mchana na usiku. Hana haja ya kung'ata. Anainamisha kichwa, anakirusha juu, na chochote kilicho juu kinachanika. Mbwa mchanga tumbo lake liko juu hapo hapo.

Kuna methali inayosema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Niliipenda sana nilipokuwa kijana. Tulikuwa tukiisema kilabuni, msimu wa mvua ulanzi umejaa, kila mtu anamsifu mbwa wake mpaka ukadhani ni simba. Siku hizi naitazama methali hiyo kwa jicho la pembeni. Ukali wa mbwa sikuwahi kuukosa. Kilichonikosesha usingizi ni mbwa asiyejua kusimama.

Mjomba wangu alikuwa na jike mzee, masikio yamechanika, jina lake Tabu. Tabu hakuwahi kumgusa nguruwe hata mara moja. Alikuwa akimtafuta kwa pua, akimpata anasimama hatua chache mbele yake na kubweka kwa sauti ile ile, bila kupandisha wala kushusha. Nguruwe akimjia, anarudi nyuma. Nguruwe akigeuka aondoke, Tabu yuko tena nyuma yake. Ilikuwa kama mchezo usio na haraka. Nguruwe alikuwa akichoka kwa hasira, na watu walikuwa na muda wa kufika. Sisi vijana tulimcheka Tabu. Tulisema mwoga. Mjomba hakubishana nasi. Alisema tu kwamba mwoga huyo amezika wenzake wengi.

Mimi nilikuwa na wangu. Tuseme ukweli, alikuwa mzuri. Alikuwa ameshaua panya buku, ameshafukuza ngedere, na kila mtu njiani alikuwa akimshika kichwa. Alikuwa bado hajatimiza mwaka. Nikampeleka, ukungu umeshuka, umande unadondoka majanini. Tabu alisimama penye kichaka akaanza kazi yake. Wangu alimpita. Alimpita bila kumtazama, akaingia mdomo wazi. Nilisikia sauti moja tu. Nilimbeba ndani ya koti kushuka mlima, nimeshikilia tumbo lake kwa kiganja, na hatukufika barabarani naye akiwa hai.

Jioni nilitegemea mjomba anigombeze. Aliniuliza umri wa mbwa. Nikamjibu. Akaendelea kuchonga mpini wa jembe.

Basi hilo ndilo ninalokuambia, na mengine yote yanatoka humo. Ujasiri humfundishi mbwa, anazaliwa nao au hazaliwi nao. Unachomfundisha ni umbali. Na umbali haufundishiki kwa mbwa wa miezi saba. Meno ya kikubwa ameshaota, ndiyo, na hayo meno ndiyo yanayokudanganya. Lakini miguu yake bado haijui kugeuka upesi, mgongo bado laini, na kichwani bado hajajua kwamba kuna kitu duniani kinachoweza kumuumiza. Mbwa aliyeharakishwa ni ugali ulioepuliwa mapema: juu umeshikana, ndani ni unga mbichi. Ngoja apite mwaka. Wengine ngoja mwaka na nusu. Utaona mwenyewe siku atakapoacha kukimbilia kila kinachotikisika.

Najua unauliza, sasa mwaka mzima nifanye nini? Kazi ipo nyingi, mwanangu, ila haina makelele, ndiyo maana vijana hamwioni.

Mfundishe filimbi. Kabla hujampa ugali wake wa jioni, piga filimbi mara moja. Akija, apewe. Asipokuja, subiri, chakula kikae mkononi. Usipige tena na tena. Ukimwita mara kumi, anajifunza kwamba ile ya kumi ndiyo ya kweli. Fanya hivyo uani, kisha njiani, kisha shambani, kisha mahali ambapo kuku wanapita mbele ya pua yake. Mbwa anayerudi kwa filimbi akiwa anamwona kuku, huyo unaweza kuanza kumzungumzia. Mbwa asiyerudi hana thamani, hata akiwa na kifua cha ng'ombe.

Na akirudi, usimpige. Hata kama amechelewa, hata kama umesimama kwenye baridi ya Juni mpaka vidole vimekufa ganzi. Mimi nilikuwa na mmoja aliyependa kupotelea msituni, anarudi jua limeshapanda. Siku moja nilimngoja na fimbo. Alipokuja mkia chini, nikamchapa. Kwa akili yangu nilikuwa nikiadhibu kuchelewa. Kwa akili yake niliadhibu kurudi. Safari iliyofuata alilala huko huko. Ilinichukua kiangazi kizima kumrudisha mkononi, na macho yake hayakunitulia tena.

Jingine. Sisi tulikuwa tukiwalaza mbwa na njaa kabla ya kwenda. Tuliamini mwenye njaa ndiye mkali. Kumbe mwenye njaa ndiye mwenye pupa. Anawahi, anang'ata, akishika haachii, na akiua kitu kidogo anakila kichakani wakati wewe unapiga filimbi bonde zima. Mlishe jioni ashibe. Dona, maji ya dagaa, mifupa ya supu ikipatikana. Asubuhi mpe maji tu. Mtoe minyoo, mtoe kupe. Na ukihamia upande wa mabondeni penye mbung'o, jua kwamba mbwa anaugua nagana vibaya kuliko ng'ombe, naye hatakuambia. Atapoteza macho na nyama huku wewe ukidhani ni mvivu.

Mifugo ya watu mzoeshe mapema. Mbwa anayemfukuza mbuzi wa jirani usimcheke, wala usisimulie kilabuni kwamba ana damu ya kuwinda. Mfunge karibu na zizi, siku baada ya siku, mpaka mbuzi wamchoshe. Nimeona urafiki wa familia mbili ukivunjika kwa sababu ya beberu mmoja.

Akianza kukomaa, mtafutie mzee. Mbwa mmoja mchanga kwa mbwa mmoja mzee, basi. Usipeleke ndugu wawili wa tumbo moja. Watoto wakiwa wawili hawamsikilizi mkubwa, wanachocheana, kila mmoja anataka kumpita mwenzake. Hata ninyi mlipokuwa wadogo niliwatuma dukani mmoja mmoja.

Kisha tembea naye asubuhi umande ukiwa bado upo, maana harufu inakaa kwenye unyevu kuliko kwenye vumbi la saa sita. Kamba iwe mkononi. Anza pale mahindi yalipolala. Mwache anuse kwato, anuse mahali nguruwe alipojisugua tope kwenye mti. Mfuate polepole mpaka ukingo wa msitu. Halafu kaa chini. Ndiyo, kaa. Yeye atavuta, atalia, atakuangalia kama umerukwa na akili. Wewe kaa mpaka naye akae. Kisha rudini nyumbani. Fanya hivyo mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Unataka mbwa ajue kwamba shamba linaisha, na linaishia pale.

Hapo penye ukingo ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, kwa sababu sisi wazee hatukusimama. Tuliingia. Tulisema tunafuata nguruwe, na mbwa wakatuletea kila kitu. Siku moja mbwa wetu walishika kichaka, wakabweka, tukakimbia na mikuki. Alikuwa minde. Yule mnyama mweusi mwenye kishungi chekundu kichwani, mpole, anayejificha. Hayupo popote duniani ila Tanzania, katika milima michache, na yetu ikiwemo. Wakati huo sikujua. Niliona nyama tu. Mbwa hakuwa na kosa, hatukuwahi kumwambia kuna tofauti.

Na yuko kipunji. Wazee wa Kinyakyusa kule Rungwe walikuwa wakimtaja kwa jina hilo muda mrefu, watafiti wakamfuatilia wakamwona mwaka 2003, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa nyani mpya. Anaishi Rungwe na Livingstone, na wengine Ndundulu katika Milima ya Udzungwa. Naye hushuka kula mahindi. Mbwa akimkuta chini mbali na mti, habari imekwisha. Ukiangalia ni wangapi waliobaki, mbwa mmoja asiyesikia filimbi ni hasara ya nchi nzima.

Sasa sheria. Usinune. Mnyama pori si wako wala si wangu, ni mali ya umma, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kabla hujawinda. Kuingia na mbwa msituni bila ruhusa ya maandishi ni kujitafutia kesi. Hata nyama ukikutwa nayo jikoni inaitwa nyara za serikali, na hakimu hatakuuliza mahindi yako yaliliwa mistari mingapi. Misitu tuliyoingia sisi leo ni hifadhi: Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Nguruwe wakizidi, andika taarifa kwa mtendaji wa kijiji, ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Wanachelewa? Wanachelewa. Ungana na wenzako wenye mashamba jirani muende pamoja, barua ya watu wengi haipotei upesi.

Na wakati mnangoja, mbwa ana kazi nzuri kuliko ile unayoiota. Jengeni dungu. Vijana wa siku hizi mnaona dungu ni mambo ya bibi, lakini mahindi yanapoanza kutia maziwa, Machi na Aprili, hakuna kilichowahi kulinda shamba la pembezoni kuliko mtu macho, moto mdogo na mbwa anayejua ukingo. Nguruwe ana pua. Akisikia harufu ya mbwa na moshi kwa usiku kadhaa mfululizo, anahamisha njia. Zamu ziwe za kupokezana, maana mtu mmoja anasinzia usiku wa tatu na nguruwe anajua. Mbwa wako atabweka akiwa upande wa mahindi. Nguruwe atakoroma akiwa upande wa msitu. Kila mtu atarudi kwao mzima. Najua haina sifa ya kusimulia.

Pia tumwache chui, ukisikia yupo mlimani. Yeye hula nguruwe bila kibali na bila mshahara. Sisi tulimtega kwa ajili ya mbuzi wachache, kisha tukashangaa nguruwe wanatoka wapi.

Kama siku moja askari wa wanyamapori watakuja kupunguza nguruwe na wakakubali mbwa wa kijiji, wapeleke wazee wanaojua kusimama. Mchanga abaki nyumbani, amefungwa, hata akilia mpaka majirani wakasirike. Na usikubali kwenda kuanzia Novemba mpaka Januari, majike wanapokuwa na watoto wadogo. Jike mwenye watoto hasubiri kuzingirwa.

Kuna mambo mawili ya magonjwa, nayasema upesi kwa kuwa chai inapoa. La kwanza, nyumbani una nguruwe wa kufuga. Ada nyingi za shule za nyanda hizi zinatoka bandani humo. Nguruwe pori na ngiri hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuumwa. Ugonjwa huo uliandikwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na hadi leo hauna dawa. Kati ya 2010 na 2012 ulifika Kyela na kwingineko huku kwetu, watu wakaamka mabanda yako kimya. Binadamu haumpati, lakini unasafiri kwa damu, kwa viatu, kwa mabaki ya nyama. Usilete ngozi wala utumbo wa nguruwe pori karibu na banda, na mbwa akitoka porini na damu mdomoni asipite hapo.

La pili ni chanjo. Mbwa wasiochanjwa wakikaribia pori hupeleka magonjwa kwa wanyama. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo mbwa wa vijijini huvibeba, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kwetu kuna mbwa mwitu kule Ruaha, hawastahili zawadi hiyo. Na kichaa cha mbwa hakichagui simba wala mtoto wako. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si kesho, si kwa mganga kwanza. Dalili zikishaanza, hakuna anayekurudisha.

Mbwa wako ana miezi mitatu au zaidi? Basi anachanjwa, na kila mwaka tena. Bwana mifugo wa kata akitangaza siku, usiseme huyu ni wa shamba tu. Mpeleke. Foleni itakuwa ndefu, mbwa wa kijiji kizima wamekusanyika mahali pamoja, kila mmoja anataka kupigana, na kuku wa mwenyekiti wanapita katikati. Shika kamba fupi na uwe na filimbi mfukoni. Hapo utajua kama ile kazi ya jioni imemwingia.